Mwashi na Mstari wa Chokaa

Amekufa mwashi wetu, na tangu Ijumaa mji mzima wa Bagamoyo unamsifu. Hilo ndilo linalonikera. Kifo hakinikeri, kifo ni haki, kila nafsi itakionja, na mwashi mwenyewe alikuwa ameugua kifua muda mrefu hata kuomba maji ikawa kazi. Kinachonikera ni hizi sifa. Nimepita sokoni nikawasikia watu wakisema, "Lo, tumepoteza mtu!" Nimekaa barazani kwa kinyozi, mzee mmoja akafuta macho kwa ncha ya kanzu yake, akasema hatatokea tena mchezaji kama yule pwani hii. Nikamkazia macho mzee yule mpaka akageukia upande wa pili. Namjua, naye anajua kwamba namjua. Nyinyi mnaonisoma hapa kila mara mmezoea mizaha yangu. Leo mniwie radhi, sina mzaha hata mmoja.

Vijana wa siku hizi mnaojua mpira tu, ngoja niwaeleze kwanza tulishindania nini. Kabla ya vita hivi vilivyokwisha juzi, kila mji wa pwani ulikuwa na chama chake cha ngoma, na kila mwaka baada ya Idi Kubwa vyama vilileta mchezaji mmoja mmoja, mwanamume, waje washindane mji kwa mji. Walitoka Tanga, walitoka Pangani na Saadani, walipanda kutoka Dar es Salaam. Wala haikuwa ngoma ya kujirusharusha. Mchanga ulichotwa ufukoni ungali mbichi, ukamwagwa uwanjani, ukafagiliwa kwa makuti hadi ukalainika kama unga. Kisha likachorwa duara kubwa kwa chokaa. Mchezaji aliingia humo peke yake, miguu mitupu, suruali nyeupe, koti la vifungo vya shaba, bakora mkononi, akacheza, na miguu yake ikaacha nakshi mchangani. Ngoma ikinyamaza alitoka, na waamuzi, ambao walikuwa watu wa miji isiyohusika, wakainama kuutazama mchanga: wapi kazunguka sawasawa, wapi kisigino kimekwama, wapi kakanyaga pale pale mara mbili kwa uvivu. Na sheria moja ilijulikana hata na wauza ubuyu. Ukiuvuka mstari wa chokaa kabla ngoma haijanyamaza, umeshindwa, hata uwe umecheza namna gani.

Mwashi ndiye aliyekuwa wetu. Siku za kazi ungemwona juu ya kuta za watu, chokaa mpaka kwenye nyusi, mtu wa maneno machache, ukimsalimu anakuitikia kwa adabu na kurudi kwenye mwiko wake. Lakini mtie duarani! Alikuwa na mzunguko wake mmoja juu ya kisigino, mguu wa pili umekunjwa, bakora imelala begani, akizunguka taratibu, halafu upesi, halafu taratibu tena, na anapotua hutamwona anatua. Akina mama walimtupia leso. Mwaka aliotushindia kwa mara ya kwanza alibebwa mabegani kutoka uwanjani hadi sokoni, na miezi ile wengi waliojifungua watoto wa kiume waliwapa jina lake. Kinyozi alikataa kupokea malipo yake. Mkuu wa chama, tuliyemwita Jenerali ingawa hajawahi kushika bunduki maishani mwake, alikuwa akimtembeza kila baraza na kusema, "Huyu ni mwanangu, huyu!" Mwanawe, kweli. Mtaona.

Mwaka ninaousemea walibaki wawili: mwashi wetu na kijana wa Pangani. Yule wa Pangani alikuwa mrefu, mwembamba, mchezo wake msafi, sina doa la kumtia. Yeye alicheza kwanza, na waamuzi wakautazama mchanga wake kwa muda mrefu wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Basi roho zikatupaa. Na lazima mjue jambo moja zaidi: mke wa mwashi alikuwa mtu wa Pangani. Alimwoa huko alikokwenda kujenga msikiti, akamleta kwetu, mwanamke mpole, na mpaka siku ile hakuna aliyelijali hilo. Mimi nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, na mke wangu na yeye walikuwa wakiazimana kinu.

Swala ya alasiri ilipokwisha, mwashi akaingia duarani. Wallahi sijaona tena vile. Watu waliacha hata kushangilia. Alikuwa ameshafika kwenye mzunguko wake wa kisigino, ndiyo kwanza anaanza kukaza, nilipoona vichwa vya upande wa barabara vinageuka. Jeneza lilikuwa linapita. Njia ya makaburini ilikuwa kando ya uwanja ule, na aliyekuwa akipelekwa ni mpagazi mmoja wa bara, mtu aliyesilimu uzeeni, hana ndugu hapa, kafia kwenye kibanda nyuma ya ghala. Wachukuzi wake walikuwa watu wanne tu, na mmoja wao ni mzee mwadhini wa msikiti mdogo, ambaye magoti yake yalikuwa yanamkatalia.

Sasa nyinyi nyote mnaonisoma mmelelewa kama mimi. Jeneza likipita, aliyekaa anasimama. Mpiga ngoma anaweka kiganja juu ya ngozi, ngoma inanyamaza. Kila mwanamume anatoa bega, japo kwa hatua chache, kisha anampisha mwenzake, na hivyo maiti anafika kaburini amebebwa na mji. Humuulizi mtu maiti ni nani. Hilo hatukufundishwa na Mzungu wala hatukulisoma gazetini, tumelinyonya. Ngoma ingenyamaza, mwashi angesimama alipo, jeneza lingepita, mchezo ungeendelea, na sheria isingevunjika. Lilikuwa jambo la kiganja kimoja juu ya ngozi. Lakini siku ile uwanja uliojaa wanaume ulilitazama jeneza, ukamtazama mtu wetu duarani, na ukakaa kitako. Wako walionyanyuka nusu wakaketi tena. Wapiga ngoma waligeuza macho kumtazama Jenerali, naye akapunga mkono juu: "Piga! Piga! Asikatishwe!" Na wao wakapiga kwa nguvu zaidi.

Mwashi aliliona. Nilimwona akiliona. Mara mzee mwadhini akajikwaa, jeneza likainama upande mmoja, na mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Usitazame huko! Endelea!" Mwashi akakatisha mzunguko. Akaichomeka bakora yake mchangani, akavuka mstari wa chokaa na koti lake la vifungo vya shaba, akampokea yule mzee, akaweka bega chini ya jeneza la mpagazi, wakaondoka. Ngoma iliendelea kulia kwa muda na hakuna mtu ndani ya duara. Haya ndiyo mambo tuliyoyafanya, sisi watu wa dini na ustaarabu.

Kisha Pangani wakalipuka kwa furaha, na siwalaumu, sheria ni sheria. Lakini sisi! Sijapata kusikia matusi yale yakitoka vinywani mwa watu waliotoka kuswali. "Msaliti!" "Kawapa wakweze!" "Mwanamke kamtia kitanzi!" Waliokuwa wakitafuna miwa waliyatupa makapi duarani. Na mtu mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya darizi, akaingia ndani ya duara na kuanza kuufuta mchezo wa mwashi kwa miguu yake, anaburuza huku, anaburuza kule, mpaka nakshi yote ikawa vurugu la mchanga, hata waamuzi hawakuwahi kuitazama. Ndiye yule mzee wa barazani kwa kinyozi. Leo anafuta macho kwa kanzu.

Nilisimama karibu na mjomba wangu, Mungu amrehemu. Nikamwambia, "Lakini mjomba, si jeneza limepita?" Akanijibu kwa hasira, "Jeneza la nani? La yule mpagazi?" Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu, jamani. Jeneza la nani! Lingekuwa la Liwali tungesimama wote na kofia mkononi, na Jenerali angekuwa wa kwanza kulia. Mwashi alirudi kutoka makaburini na udongo kwenye kucha zote, akapita katikati ya watu walewale waliozoea kumbeba mabegani, na wakampisha njia kama mtu mwenye ndui. Jua halijatua, akina mama wa chama walikuwa wameshatunga wimbo, "Mwashi kajenga ukweni, kwetu kaacha ufa," na wakauimba wakipita mbele ya nyumba yake, na pale mlangoni wakapunguza mwendo.

Siku chache baadaye Jenerali akaja na wazee wawili wa chama. Nilikuwa nimekaa kwangu barazani, nikasikia kila kitu. Mwashi akainuka: "Shikamoo, Jenerali. Karibuni." Jenerali hakuitikia. Mtu kukunyima marahaba nyumbani kwako, mkeo anasikia! Akasema, "Tumekuja kwa neno moja. Watu wana hasira. Mwache huyu Mpangani, nasi tutasema ulirogwa, yaishe. La hukumwacha, chama si chako tena, na mji nao si wako." Mwashi akageukia mlango wake. Akasema, "Nimewasikia. Nisubirini." Akaingia ndani, akatoka na lile koti limekunjwa, suruali, kofia juu yake, akaviweka mikononi mwa Jenerali. "Hivi ni vya chama. Mke ni wangu." Akarudi ndani, na mlango akaufunga taratibu, bila kuubamiza.

Nao walitimiza, watu wetu. Kwa ubaya sisi ni hodari wa kutimiza. Aliyekuwa na ukuta wa kupiga lipu alimtafuta mwashi mwingine, hata akiwa hajui kuuchanganya mchanga na chokaa. Zipo nyumba hapa mjini mpaka leo lipu imebanduka kwa sababu ya ngoma ile. Yeye akawa anatembea hadi Zinga na Kaole kutafuta vibarua kwa watu wasiojali nani kashinda nini. Binti yake alipoolewa, hakuna chama kilichokubali kuleta ngoma. Wanawake wachache wa mtaa wetu, mke wangu akiwamo, walipiga vigelegele na makofi mpaka viganja vikawaka, wakipiga na sinia la kupakulia wali, na bibi harusi alikuwa analia kwa sababu ambazo si za bibi harusi. Nilimwona babake siku ile amesimama uani anapanga viti vilivyokuwa vimeshapangwa.

Nilimuuliza mara moja tu, baada ya miaka mingi, tukiwa tunarekebisha pamoja ule ukuta wetu. Nikamwambia, "Jirani, hivi hujuti?" Akapangusa mwiko, akacheka kidogo. "Ile ngoma niliipenda, jirani. Naipenda hata sasa. Nikiisikia inalia huko, vidole vinacheza ndani ya makubadhi. Basi ngoma naijutia, sikufichi. Jeneza sijutii." Akaendelea na kazi, na mimi nikajitia kutafuta maji.

Sasa mtaniuliza, bwana wee, ya nini kufukua mambo ya kale? Nayafukua kwa sababu hayajazikwa. Ngoma zimekufa, mpira umeingia, na moyo ni uleule. Jumamosi iliyopita nilipita kiwanjani, kijana wa watu kakosa bao, mama yake akatukanwa, mama ambaye alikuwa nyumbani anaanika mihogo. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ndivyo tulivyo. Na nimefikiri sana hasira ile ya siku ile ilitoka wapi, maana haikutoka kwenye ngoma. Tulikuwa watu tuliokwisha kupigwa na kodi, na kazi za shuruti, na kuitwa "boi" na watoto wa juzi. Mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, Jenerali wetu alikuwa akivua kofia kabla hata hajafika kwenye ngazi. Ndimi zilikuwa zimetulala midomoni mwaka mzima. Halafu anatokea mwashi mmoja, hana cheo, hana askari, na mke wake ni mgeni. Aa, hapo tukawa simba! Ushujaa wote tuliokuwa tumeuweka akiba tukaumaliza kwake. Hamuwezi kuniambia kwamba huko ni kupenda ngoma. Anayependa ngoma angekwenda kuutazama ule mchanga kabla haujafutwa.

Nije sasa kwenye mazishi ya mwashi. Maiti alikwisha oshwa, kakafiniwa, tumekaa barazani na mtaani tunangoja atolewe, nikaona kundi linakuja. Jenerali, sasa mzee sana, anashikiliwa mkono. Nyuma yake wazee wa chama waliobaki, bendera yao ya zamani, na ngoma kubwa imebebwa na watu wawili. Lo! Akatangaza kwa sauti kwamba chama kimekuja kumpa mwanawe heshima yake. Jeneza litakapofika pale uwanjani, ati, litasimamishwa, ngoma ipigwe, bendera iinamishwe, watu wamuage mchezaji wao. Na watu wakaitikia! "Naam, ndiyo heshima hiyo!" Mzee wa kanzu akaanza tena kulia.

Neno likapelekwa ndani, maana bila ruhusa ya wafiwa isingewezekana. Tukangoja. Kisha tukasikia sauti ya mjane nyuma ya pazia la dirisha. Hakupiga kelele, lakini ilisikika mtaa mzima.

"Waambieni nimewasikia. Mume wangu aliacha ngoma kwa ajili ya maiti. Leo wao wanataka kumsimamisha maiti kwa ajili ya ngoma?"

Wale wawili waliobeba ngoma waliitua chini polepole, mmoja akaweka kiganja juu ya ngozi, ingawa ilikuwa hailii. Na Jenerali, aliyesimama karibu yangu hata nikasikia harufu ya karafuu ya kinywa chake, akanong'ona kwa wenziwe, "Mnaona? Mpangani ni Mpangani tu." Miaka yote ile, na mtu yumo ndani ya sanda!

Jeneza likatolewa. Tukasimama, tukatoa mabega, tukapokezana, hata wale wabeba ngoma waliingia mstarini, na mmoja wao alikuwa akilia bila kujificha. Nilipogeuka pale kwenye kona, nilimwona Jenerali amebaki peke yake mtaani, amekaa juu ya ngoma yake, anailinda.

Yeye naye ni mzee, na zamu yake haiko mbali. Nimeshaapa jambo moja, na ninaliandika hapa ili mnishike nalo. Siku jeneza la Jenerali litakapopita, nitasimama, na nitatoa bega. Nitalibeba nikiwa na hasira, lakini nitalibeba, wala sitauliza ni la nani. Mwashi alitufundisha hilo mbele ya mji mzima, na wallahi ni somo gumu.